Fungua Ukishapita Ubena

Mwanaidi mwanangu,

Nimekaa kwenye baraza ya uani alasiri hii, na wewe uko ndani unapiga pasi. Kila ukimaliza sketi moja unaiweka pasi chini kwa kishindo, kama karani anayegonga muhuri. Mama yako anakuonya kuhusu begi.

"Utaikata zipu hiyo, na huko Kasulu huna fundi."

"Mama, Kasulu ni mji. Watu wanavaa nguo."

"Wanavaa, sijakataa. Lakini fundi wao hakujui."

Mnacheka. Mimi naandika polepole ili niwasikie.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa, wala za kuliangalia begi gari likisimama Dodoma. Hayo mama yako ameshayasema, na kesho atayasema tena dirishani mpaka kondakta achoke. Juu ya bahasha ya barua hii nimeandika: Fungua ukishapita Ubena. Kesho alfajiri baba yako mdogo Hamadi atakupeleka Chalinze ulipandie gari la Kigoma, na Ubena iko mbele kidogo tu. Nimekadiria nusu saa. Utakuwa umeshakaa kwenye kiti chako na umeshaacha kulia.

Nina jambo moja, na sitakuzungusha. Mimi ni mgonjwa. Si presha ile unayoijua. Figo zangu zimechoka, zote mbili. Wiki tatu zilizopita, ile siku tuliyokuambia tunakwenda harusini Dar, mimi na mama yako na Hamadi tulikuwa hospitali. Daktari alikuwa kijana mpole, rika lako. Alinichorea figo kwenye karatasi, akaitia wino sehemu ambayo bado inafanya kazi. Hakutumia wino mwingi. Alisema nitaanza kusafishwa damu kwa mashine, mara tatu kila wiki. Nikamuuliza nimebakiza muda gani. Akasema, "Mzee, tusihesabu namna hiyo." Nikajua kwamba yeye anahesabu namna hiyo hiyo.

Tulipokuwa tunarudi, gari limefika Mapinga, Hamadi akapunguza mwendo na kusema bila kunitazama, "Mtoto asiambiwe. Aende kwanza, aripoti, aanze kazi. Tutamwambia kidogo kidogo."

Mama yako, kiti cha nyuma, akasema, "Akijua hatakwenda. Amesubiri ajira hii ya ualimu miaka mitatu."

Wakanisubiri mimi. Nikasema, "Sawa."

Sikulazimishwa, Mwanaidi. Nataka ulijue hilo kabla hujawakasirikia wao. Nilisema sawa kama mtu anayekubali kuongezewa chai. Na mimi ndiye mtu wa mwisho katika ukoo huu aliyekuwa na haki ya kulisema neno hilo. Kwa nini, inabidi nikurudishe kwenye safari yangu ya Italia, ambayo ndani ya nyumba hii huwa hatuitaji.

Ulikuwa na miaka tisa. Mimi nilikuwa nawatembeza wageni Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo, kazi unayoijua, kuwaonyesha magofu na milango ya nakshi na kuwaeleza nani alikaa wapi. Mwaka uliotangulia alikuja Mtaliano mmoja, Renzo, mwalimu mstaafu, mrefu, mwenye magoti mabovu na asiyetaka kupanda gari. Nilimtembeza kwa miguu siku tatu, kutoka Kaole mpaka kwenye mashamba ya mananasi ya Kiwangwa, kuifuata njia ya zamani ya misafara. Kila tulipopumzika alivua buti na kuniambia kwamba kwao nako kuna njia ya zamani, ya mahujaji wao waliokwenda Roma kwa miguu, na kwamba siku moja lazima niitembee. Nilidhani ni maneno ya wageni. Kumbe alimaanisha. Yeye na wenzake walinitumia tiketi, nikatembee nao wiki mbili.

Bibi yako wakati ule alikuwa analala chumba cha mbele, kile ambacho sasa tunawekea mahindi. Kifua kilikuwa kinamsumbua. Nilipokwenda kumuaga alinitazama juu mpaka chini, na buti zangu mpya, akasema:

"Huko Ulaya magari si wanayo?"

"Wanayo, mama."

"Na wanatembea? Wamekosa nini?"

"Wanapenda tu, mama. Ni mapumziko yao."

"Babu zako walitembezwa kutoka bara mpaka hapa na pembe za ndovu za watu vichwani, hawakuulizwa kama wanapenda. Wewe unapanda ndege kwenda kutembea. Haya. Nenda ukawaonyeshe."

Akacheka mpaka akakohoa. Akanipa radhi, akanishika kichwa kwa mikono miwili. Akauliza, "Nitajuaje uko wapi?"

Unanijua nilivyo. Kila jambo kwangu lina mistari. Nilichukua karatasi kubwa, nikachora jedwali la siku kumi na nne, kila siku na mji wake: tunatoka wapi, tunalala wapi. Mstari wa saba niliandika: Lucca. Mapumziko. Nikaibandika ukutani karibu na kitanda chake. Kwa kuwa hakujua kusoma, kazi ile nilikupa wewe. Kila jioni umsomee mstari wa siku hiyo, kisha uweke alama ya vema kwa penseli. Uliipokea kazi kama umepewa ukuu wa shule. Siku za mwanzo nilipopiga simu, bibi yako alinitajia mwenyewe miji ile niliyopita, majina ameyatengeneza upya kwa ulimi wake, na nyuma yake nakusikia wewe unamsahihisha.

Tulitembea siku sita. Milima, kisha mizeituni, kisha barabara ya lami yenye jua kali. Nilidhani miguu yangu ni migumu. Siku ya tatu malengelenge yalikuwa yamepasuka, na bibi mmoja wa miaka sabini katika kundi lile ananipita huku anaimba. Tulipofika Lucca jioni ya siku ya sita, Renzo alituambia kesho ni mapumziko. "Lakini si ya kulala," alisema. "Kesho tunatembea bila mzigo, mtaona mwili unavyoruka."

Nitakueleza siku ile yote, kwa sababu ninayo. Daftari langu la mwaka ule liko mbele yangu hapa.

Lucca ni mji mkongwe uliozungushiwa ukuta, na ukuta wenyewe ni mpana hivi kwamba juu yake kuna njia na miti mikubwa ya kivuli, watu wanaendesha baiskeli, akina mama wanasukuma watoto. Nilianza huko asubuhi, peke yangu, kabla wenzangu hawajaamka. Nilikuwa nimefua soksi na kuzianika dirishani. Mgongo bila mkoba ulikuwa mwepesi kweli, kama alivyosema Renzo. Niliuzunguka mji wote kwa juu, natazama ndani ya madirisha ya watu. Nikaona wivu, Mwanaidi, wivu wa kazi yangu. Kwetu nyumba ya mawe ikizeeka tunaiita gofu, tunafunga mbuzi ndani yake, kisha mimi naleta wageni waipige picha. Kule nyumba ina miaka mia saba na mtu ametoka mlangoni na kandambili, anamwaga maji ya ndoo. Kamba ya nguo imefungwa kwenye nguzo ya marumaru. Nilisimama namtazama yule mtu wa ndoo mpaka akanisalimu.

Saa nne nilitafuta simu. Karibu na lango moja la mji kulikuwa na kibanda cha kupigia simu za nje, mwenyewe Mmoroko mwenye ndevu nyeupe. Nilipomtolea salamu aliinuka, akanifutia kiti kwa kitambaa. Kwetu ilikuwa saa tano, kwa kuwa wale wako nyuma yetu saa moja. Ulipokea wewe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo wote?"

"Hatujambo. Salama."

"Nipe bibi yako nimweleze. Huku kuna mnara, juu yake imeota miti. Ataniita mwongo."

Ukakaa kimya. Nikadhani ni simu. Kisha ukasema, "Bibi amelala, baba."

"Saa hizi?"

"Amelala."

Nyuma yako nilisikia watu wengi, na sauti ya kisomo cha Kurani. Nikauliza, "Nani wanasoma hapo?" Ukasema, "Watoto wa chuoni." Nikakuambia usimwamshe, nitapiga tena. Mmoroko aliniuliza kwa Kiingereza chake na changu kama mama yangu hajambo. Nikamwambia amelala. Akasema, "Alhamdulillah," na kuweka mkono kifuani.

Kisha nikaenda kupanda ule mnara wenye miti. Nikahesabu ngazi, nikapoteza hesabu, nikashuka kidogo nianze tena, mtu mzima mimi. Nikaenda kwenye uwanja wao wenye umbo la yai, nyumba zimeuzunguka pande zote, kwenye duka moja nikamchagulia bibi yako mtandio wa sufi. Nilikaa sana dukani. Wa kijani niliona utamfanya mzee, mweupe utachafuka. Nikachukua wa buluu. Kisha Renzo akanipeleka kwenye ukumbi wa mbele wa kanisa lao kuu kunionyesha mchoro uliochongwa kwenye nguzo: njia moja inayojizungusha na kujizungusha mpaka katikati. Wapitaji wa zamani walikuwa wanaifuata kwa kidole, na mawe yameliwa na vidole. Nami nikaweka changu. Nikaenda nacho mpaka katikati, Renzo ananihesabia mizunguko kwa Kitaliano, tunacheka wote wawili. Katika daftari nimeandika saa. Ilikuwa saa sita na nusu. Bagamoyo saa saba na nusu.

Bibi yako alifariki alfajiri ya siku ile. Aliswaliwa baada ya adhuhuri. Saa saba na nusu alikuwa anateremshwa. Mwana mkubwa ndiye anayetangulia kushuka kaburini kumpokea mama yake, na mwana mkubwa alikuwa Lucca, kidole chake kiko kwenye nguzo ya watu. Alishuka Hamadi.

Usiku nilifunga daftari kwa maneno haya, nayanakili kama yalivyo: "Siku nzuri kuliko zote za safari. Nimesikia watoto wa chuoni wakisoma. Nyumbani raha."

Tulibakiza siku saba. Nilizitembea zote. Nilipiga simu mara tatu zaidi, na kila mara walikupa wewe upokee. Mara ya kwanza ulisema bibi anaswali. Ya pili, amekwenda kwa jirani. Nikafurahi kwamba anaweza kutembea, nikawasimulia wenzangu mezani, wakampigia makofi. Ya tatu ulisema anaoga. Yote yamo humu, kwa mwandiko wangu mzuri.

Nilikuja kujua baadaye kwa nini simu ulipewa wewe. Watu wazima walijaribu. Mama yako alishika simu akaanza kulia kabla haijaita. Hamadi sauti ilikuwa imekauka. Wakatazamana, halafu wakakutazama wewe. Katika nyumba nzima aliyeweza kuongea bila sauti kutetemeka alikuwa mtoto wa miaka tisa, aliyekuwa ametoka kumwona bibi yake amefunikwa shuka.

Siku niliyorudi, nawe unaikumbuka, lakini labda unaikumbuka kwa shavu lako tu. Ngoja nikupe upande wangu, usioupunguzia uzito upande wako.

Gari liliniacha pale mbele. Watu walikuwa wengi barazani, nikadhani wamekuja kunipokea. Hamadi akasema, "Pole na safari, kaka," kisha akasema tena, "Pole na safari." Walikuwa wamepanga nikalishwe kwanza, nipewe maji, kisha sheikh wa mtaa aniambie. Mimi sikukaa. Nilikuwa na mtandio mkononi. Niliingia chumba cha mbele. Kitanda kilikuwa kimetolewa, sakafu imeoshwa. Karatasi yangu ilikuwa bado ukutani. Alama za vema sita, zimenyooka vizuri, kazi ya mtoto anayejali. Mstari wa saba, Lucca, Mapumziko, hauna kitu. Na kuanzia hapo kushuka chini, hakuna kitu.

Hakuna mtu aliyeniambia, Mwanaidi. Nilisoma mwenyewe, kwenye jedwali langu.

Nikatoka. Watu wote barazani wakainama, ila wewe. Ulikuwa umesimama karibu na mtungi, unanitazama kama mtu anayesubiri kuulizwa swali ambalo amelisomea. Nikakuuliza, "Bibi alikuwa amelala?"

Ukasema, "Alikuwa amefunikwa. Baba mdogo akasema niseme amelala."

Nikakupiga. Mbele ya watu wote waliokuja msibani. Kisha nikasema, "Wewe ndiye uliyeninyima mama yangu." Kwa mtoto wa miaka tisa. Wanawake wakakuchukua. Mtungi ulikuwa umepinduka, maji yakapita chini ya mikeka, na watu wakainua miguu. Siku zote nimejiambia ni uchungu wa msiba. Si kweli. Kulikuwa na wanaume saba wa kupigwa barazani pale, pamoja na ndugu yangu. Nilimchagua ambaye hawezi kunirudishia.

Jioni yake nilimfuata Hamadi uani, hapa hapa nilipokaa sasa. Nilimwambia kwamba sitamsamehe. Alikuwa anakata kuni. Aliendelea mpaka akamaliza gogo, ndipo akaniambia, "Kaka, mimi nilijua ndivyo tunavyofanya. Si wewe ulinifundisha?"

Ilikuwa kweli. Kwa sababu alipofariki baba yetu, Hamadi alikuwa bweni Tanga, kwenye mtihani wa kidato cha sita. Mimi nilikuwa mkubwa, mwenye akili, mwenye daftari. Ndugu waliuliza, "Tumpelekee habari?" Nikasema hapana, mtihani hauna marudio, msafiri hakatizwi safari. Alikuja siku ya tisa na vitabu vyake vimefungwa kamba, anatabasamu, amevaa shati alilonunuliwa na baba. Aliponiona akasema, "Mzee yuko wapi, nimpe habari za mtihani?" Tukamkalisha. Hakulia. Aliuliza neno moja tu: "Ameshazikwa?" Kisha akaenda kulala na viatu. Majibu yalipotoka amefaulu, niliandika: "Hamadi amepasi. Uamuzi ulikuwa sahihi." Nayo iko humu ndani, daftari la zamani zaidi, wino umegeuka rangi ya kutu.

Kwa hiyo sikufanyiwa kitu ambacho mimi sikukifanya. Nilipewa kilekile, kimekunjwa vilevile. Tofauti ni kwamba Hamadi alipopewa hakumpiga mtu.

Mtandio niliufungia sandukuni. Sikuweza kumpa mama yako, sikuweza kukupa wewe. Juzi niliufungua nikafikiri Kasulu kuna baridi usiku, utakufaa. Nondo wameula. Umebaki matundu na ile karatasi ya duka.

Lakini si mtandio unaoniuma, wala kaburi. Kinachoniuma ni ulivyokua baada ya pale. Nilidhani nimekufundisha usiseme uongo. Ulichojifunza wewe ni kwamba anayefikisha habari anapigwa. Tangu siku ile simu yangu ikilia unampa mama yako. Nikikuuliza jambo unasema salama. Kidato cha tatu, bwenini, ulilazwa na kupasuliwa kidole tumbo, na siku moja kabla nilikupigia ukaniambia, "Salama tu, baba." Matroni ndiye aliyetupigia, umeshashonwa. Nilikuja pale hospitali nimekasirika, nikakuuliza kwa nini hukusema. Uligeukia ukutani. Nilikuwa nalijua jibu, na wewe ulijua kwamba nalijua. Tukakaa hivyo mpaka muda wa kutazama wagonjwa ukaisha, nikakuachia machungwa.

Ulipokosa ajira mara ya kwanza, salama. Yule kijana wa Kiwangwa aliyekuja kukuposa kisha akarudi nyuma, salama. Nilikuwa nakusikia chumbani unalia kwa kuziba mdomo, na asubuhi unaniletea uji, shikamoo baba, umeamkaje, salama. Nimelea mtu mzima hodari ambaye haniambii kitu chochote, na somo nililitoa mimi, kwa kiganja kimoja.

Na sasa nilikuwa naandaa simu za Kasulu. Wewe utapiga kutoka huko, pengine una homa, pengine mwalimu mkuu anakuonea, utasema salama. Mimi nitapokea nimetoka kwenye mashine, mkono umefungwa bandeji, nitasema salama. Mpaka siku utakayopiga, apokee mtoto wa jirani.

Nimeandika kurasa hizi tangu saa tisa, na katikati niliinuka kwenda kunywa maji. Nilipita dirishani kwako. Ulikuwa unaikunja kanga ya bibi yako, ile ya njano, unaiweka chini kabisa ya begi. Sikujua unayo. Nikarudi hapa, nikaitazama bahasha, na yale maneno niliyoyaandika juu yake.

Fungua ukishapita Ubena. Nusu saa baada ya Chalinze. Gari haligeuki kwa ajili ya abiria mmoja. Nilikuwa nimekuchagulia mahali pa kujua ambapo huwezi kufanya kitu, na nikauita huo ukweli. Nimepiga hesabu ileile niliyompigia Hamadi, nimebadilisha kituo tu. Umri huu wote, na mkono bado unakwenda kule kule.

Nimeyakata maneno yale. Utaona mstari wa kalamu juu yake. Barua utaipata sasa hivi, kabla ya magharibi, begi likiwa bado wazi.

Ukitaka kwenda, nenda. Ukitaka kuomba wiki mbili uripoti baadaye, nitakusindikiza kuandika hiyo barua. Ukitaka kubaki, sitakushukuru na sitakuzuia. Sitakuambia ningependa lipi. Nina hofu, Mwanaidi, na mtu mwenye hofu asiulizwe. Mama yako atanikasirikia, na Hamadi ataniambia nimevunja makubaliano. Yeye nitamwambia ni kweli, nimeyavunja, na nitamwomba msamaha wa ile siku ya tisa, ambao naye sijawahi kumwomba.

Kesho ni desturi upige magoti uniombe radhi ya safari. Radhi unayo, hata usipopiga magoti. Lakini kabla hujaniomba mimi, nakuomba wewe. Kwa kofi lile. Kwa maneno yale, ambayo yalikuwa mabaya kuliko kofi. Hukuninyima mama yangu. Ulimsomea miji yote sita, na ukaacha pale ulipotakiwa kuacha. Katika nyumba ile ni karatasi yako peke yake iliyoniambia kweli.

Soma ukiwa umekaa. Ukimaliza, njoo huku barazani, sitaondoka. Ukitaka kulia, lia hapa. Ukitaka kunipigia kelele, uani kuna nafasi na majirani wameshasikia mengi. Nitakuuliza umeipokeaje habari, na ninakusihi, mwanangu, jibu lolote lile, ila usiniambie salama.

Pasi imenyamaza. Nakuita.

Baba yako